Kanda ya Delfín

Redio ya Ushirika,
Santa Rufina,
8 Oktoba 2006

Kwa dada yangu mpenzi Basilia,

Pokea salamu zangu nyingi huko Buenos Aires, wewe na Nayra, pamoja na wenzako wote wa kiwanda cha kushona. Natumaini karatasi hizi zitawakuta wazima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia cherehani umepata nafuu. Sisi huku tu wazima, kwa kiasi ambacho mtu wa huku anaweza kuwa mzima. Mama anakula, analalamika, na asubuhi anaota jua ukutani na majani yake ya koka shavuni, kwa hiyo usimwazie sana. Baridi ya mwaka huu ilitutesa, lakini viazi vya kukausha kwa barafu vimetoka vizuri, vyeusi na vikavu kama unavyovipenda, na Mama amekutengea mfuko ambao hata mimi haniruhusu kuusogelea.

Barua yako ya Septemba nimeipata. Unasema umeshaomba ruhusa kwa tajiri wako na umeanza kuweka nauli ya basi, ili Nayra awe hapa Siku ya Watakatifu Wote. Mwaka huu ni wa tatu tangu Delfín atutoke, na ndio wa mwisho kumwandalia meza ya kuipokea roho yake kabla hatujamuaga moja kwa moja. Umeandika kwamba mikate, mishumaa na maua nikupangie mimi nipendavyo, ila kuna jambo moja tu unalolitaka wewe: saa sita mchana, redio itakapoziita sauti za marehemu, mtoto asimame uani na mji mzima amsikie baba yake. Dada, nakuomba usikate tiketi kabla hujaimaliza barua hii. Isome ukiwa umekaa, na Nayra awe kwa jirani. Ningekupigia simu, lakini kibanda cha doña Pura unakijua. Ukipiga chafya mle ndani, kesho yake mji mzima unakuuliza hali ya mafua.

Nianzie mbali kidogo, maana nikianzia mwisho utaichana. Unajua kwamba kabla ya kuja redioni nilikuwa chumba cha taa pale mgodini. Kazi yangu ilikuwa kumpa kila mtu taa iliyoning'inia kwenye ndoano yenye namba yake, na kuipokea tena akitoka. Zamu ikiisha na ndoano ikabaki tupu, hapo ndipo tunapojua kuna mtu bado yuko chini, na ni nani. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: namba haihami. Mtu aliweza kuhama zamu, kuhama nyumba, hata kuhama mke kama alivyofanya Severo, lakini namba yake haikuguswa mpaka anazikwa. Nilifanya kazi hiyo mpaka ikaniingia damuni. Ushirika ulipofunga lile shimo la juu wakanileta redioni, kwa sababu eti nina mwandiko mzuri.

Kanda nazo unazijua, lakini vumilia nizieleze, maana ndizo zenye kesi. Mtu wetu akishaambiwa na daktari kwamba mapafu yamejaa vumbi la mgodi, huja redioni kabla pumzi haijamwishia, akakaa mbele ya maikrofoni ya don Casimiro, fundi wetu wa sauti, na kusema anayotaka kuwaachia wake na watoto. Akimaliza, kanda anaipa jina yeye mwenyewe, wala haruhusiwi mtu mwingine kumchagulia. Ndiyo maana don Eliseo aliita yake "Kuku Wangu Wasiuzwe," na kweli hawajauzwa mpaka leo. Delfín aliita yake "Maneno Machache kwa Nayra," kisha akaongea upande mzima. Don Casimiro akamwambia kama hayo ndiyo machache, basi Basilia ana masikio ya chuma. Wewe ulikuwa mlangoni, Nayra bado ananyonya, na ulicheka huku unalia.

Sasa basi. Baada ya Karnivali alikuja bibi mmoja msomi kutoka La Paz, doña Ximena, wa shirika linalosaidia redio ndogo ndogo. Si mtu mbaya, nataka ulijue hilo kabla hujaanza kumtafuta wa kumlaumu. Alituletea kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine na makasha meupe ya plastiki, mapya, yananukia dukani. Akanifundisha kuandika orodha ya kanda zote kwenye lahajedwali, yaani lile jedwali la kompyuta lenye vyumba vyumba. Safu ya kwanza namba ya kanda, safu ya pili jina lake. Juu ya kasha jipya tuliandika namba tu, safi, bila michoro. Makasha ya zamani, yale yenye mwandiko wa wenyewe na maua yaliyobandikwa na wake zao, tuliyachoma uani kwa sababu panya walikuwa wameyatafuna. Doña Ximena alisema majina yote yako salama ndani ya kompyuta. Nilimwamini, na mpaka leo sioni kwa nini nisingemwamini.

Siku chache baada ya kuondoka alipiga simu kuniagiza niipange orodha kwa alfabeti, kwa sababu kule kwao wanataka kila kitu kiwe kwa alfabeti. Alinieleza vizuri tu: nichague, nibonyeze kitufe chenye A na Z, basi. Nikaichagua safu ya majina, ikageuka buluu yote. Nikabonyeza. Mashine ikanisimamisha na swali. Ikasema kando ya safu hii kuna maandishi mengine, je, niyapange pamoja nayo, au niendelee na safu hii peke yake? Dada, swali lile nililisoma kwa makini, sikulipuuza. Kando ya majina kulikuwa na namba. Nikaona mashine inataka kuhamisha namba. Nilicheka kwa sauti mle chumbani, nikasema huyu naye hajawahi kugawa taa. Nikajibu iendelee na majina peke yake. Majina yakaruka, ya A yakapanda juu, ya Z yakashuka chini, na namba zikabaki zimesimama palepale, moja, mbili, tatu, bila kutikisika. Niliona fahari. Nikahifadhi, nikazima, nikaenda kunywa supu.

Labda hujaelewa bado, na usijilaumu, kwa sababu hata mimi ilinichukua miezi. Fikiria ndoano za taa zimebaki mahali pake, lakini watu wote wametolewa wakapangwa upya mbele yake kufuata herufi za majina yao. Kila mtu angepewa taa ya mwenzake. Kuanzia jioni ile, orodha yetu ilikuwa nzuri kuitazama na haikuwa na ukweli wowote ndani yake.

Mwezi wa Mei ukaja mkutano mkuu wa ushirika, ule wa bei ya bati la mgodi wetu. Mwenyekiti wetu, don Hilarión, alitaka kila neno lirekodiwe ili baadaye asijitokeze mtu kukana. Kanda mpya hakuna, na hela ya kununua ndiyo hiyo unayoijua. Akaamua tufute kanda za mpira, akasema mechi za miaka ya themanini nani atazisikiliza, hata waliofungwa wameshasahau. Nikafungua orodha. Majina yote yaliyoanza na "Mpira" yalikuwa yamekaa pamoja, yananisubiri. Nikanakili namba zake kwenye karatasi nikampa don Casimiro. Yeye aliniuliza kama nina hakika, maana zamani alikuwa anaonja kila kanda kabla ya kuifuta. Nikamwambia aache ushamba, siku hizi mambo yanaendeshwa kisayansi. Hayo ndiyo maneno yangu, dada, nayakumbuka yote na kiburi chake. Akarekodi mkutano mzima juu ya kanda hizo, siku zote ulizochukua, na unajua watu wa hapa wakishikwa na bei ya bati hawajui kunyamaza.

Mwezi wa Juni, sikukuu ya redio, doña Saturnina alikuja kumsikia mume wake. Alivaa kofia yake ya harusi, akaleta wajukuu, akakaa kwenye kiti ameshika mkoba magotini. Nikatafuta "Kuku Wangu Wasiuzwe," nikasoma namba, nikaitoa kanda, nikaweka. Ikalipuka kelele ya uwanja mzima na mtangazaji anapiga ukelele wa goli. Nilidhani don Casimiro amenifanyia mzaha, nikamgeukia, nikamwona anasoma tena namba kwenye kasha. Doña Saturnina alisubiri kwa adabu mpaka goli likaisha. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini Eliseo wake anachezea timu gani. Hakuwa anatania. Alidhani ni habari kutoka huko aliko.

Nilimpigia doña Ximena. Alipoelewa akasema kwa upole kwamba kwa kuwa nilihifadhi na kufunga, na nimeshaandika mengine juu yake, mashine haina njia ya kurudi nyuma. Akauliza, "Lakini Nicanor, si ilikuuliza?" Nikamwambia ndiyo, iliniuliza.

Kilichobaki kilikuwa kuzisikiliza kanda zote, moja baada ya nyingine, na kumtambua kila mtu kwa sauti yake. Tulifanya hivyo mimi na don Casimiro mpaka mwezi mwingine ukaandama. Siku nzima wafu wanaongea, mmoja anaonya wanawe wasiende mgodini, mwingine anadai baiskeli yake irudishwe, na katikati yao matangazo ya mabuti. Don Casimiro alinitukana kila asubuhi kabla ya kuvaa spika za masikio. Alisema, "Kichwa chako kimeota kutu wewe. Mtu anayeshindwa na a, be, che apewe ufagio, si maiti za watu." Halafu anavuta kiti, anaweka kanda nyingine. Nisikufiche, yale matusi yalinisaidia. Siku aliyonyamaza ndiyo niliyoogopa.

Karibu wote tuliwapata. Eliseo tulimkuta kwenye namba iliyoandikwa tangazo la sabuni, na doña Saturnina akamsikia, akaenda zake bila kunilaumu. Lakini tulipofika mwisho wa rafu kulikuwa na watu wachache ambao hawakutokea. Hapo ndipo tulipoelewa zile namba nilizonakili mwezi wa Mei zilikuwa za nani hasa. Kwenye kanda ya Delfín yumo don Hilarión anabishana na wanunuzi wa bati. Kanda ile imejaa yeye. Nilipohakikisha, nilitoka uani nikakaa chini kwenye majivu ya yale makasha tuliyoyachoma, nikalia kama mtoto. Nilimpenda mume wako, dada. Alinibeba mgongoni kunitoa shimoni siku paa lilipoanguka, na mimi nimemfuta kwa kitufe.

Familia zile tuliziita moja moja, mwenyekiti akiwepo, tukawaambia. Mjane wa Fermín alinitemea mate miguuni na sikujifuta. Wengine walilia, mmoja aliuliza kama atarudishiwa chochote. Wote tuliwaambia, isipokuwa familia moja iliyokuwa mbali. Mama anajua. Kila Jumapili ananiuliza kama nimekuandikia, na kila Jumapili nimemwambia ndiyo.

Barua yako ya Julai ilinikuta katika hali hiyo. Uliandika kwamba mke wa tajiri amekupa redio kaseti, kwamba Nayra ameanza kuuliza baba alikuwaje, na kwamba ungependa nikunakilie kanda ya Delfín nikutumie, hata kama itakugharimu mshahara wa wiki. Nilitembea na barua ile mfukoni mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Kila nilipokaa kukujibu, kalamu iliandika salamu, ikaandika hali ya hewa, ikasimama.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Unakumbuka Delfín alipokuwa anakuchumbia, jinsi nilivyokuwa nikija chini ya dirisha na kukuita kwa sauti yake? Mara ya kwanza ulishuka mbio na nywele umezisuka upya, ukakuta ni mimi nimejikunja kwa kicheko. Ulinirushia kiatu, na Mama akasema hata yeye hakutofautisha. Kanda niliyokutumia mwezi wa Agosti ni hiyo hiyo michezo yangu. Aliyemo humo si Delfín. Ni mimi.

Niliirekodi Jumapili moja watu wote wakiwa uwanjani. Ile ya kweli nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi, nilikuwepo ilipotengenezwa na nimeipiga hewani sikukuu mbili, kwa hiyo maneno mengi ni yake kweli. Lile jiwe la kijani alilomwachia chini ya godoro ni lake. Kwamba asimcheke mtu anayenuka baruti, ni lake. Kwamba aking'oka jino la kwanza auonyeshe mwezi, ni lake. Pale niliposahau nilitia yangu, na lazima nikutajie ili ujue. Kwamba amsikilize mama yake hata mama akiwa na hasira, hilo ni langu. Delfín asingesema, alijua hasira zako zilivyo. Na ule wimbo wa mwisho ni wangu, yeye hakuimba, pumzi ilikuwa imekwisha.

Nilijiambia nakufanyia hisani. Nilijiambia mtoto hamjui, mama yake ana machungu ya kutosha, na sauti ni sauti. Nilijua wewe ukisikiliza tu utanitambua, maana hukudanganyika dirishani zaidi ya mara ya kwanza, na kwa wiki nyingi nilisubiri barua yako ya kunilaani. Badala yake, kwenye hiyo barua ya Septemba, ukanishukuru. Ukaandika kwamba Nayra anaisikiliza kila siku kabla ya kulala, na kwamba wewe huwezi, ukisikia tu mlio wa kuwasha unatoka kibarazani mpaka iishe. Nilipofika hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema nimepona.

Halafu nikageuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa umeandika kichekesho cha mtoto. Ulimweleza kwamba baba yake alikufa kwa kifua, naye akakasirika, akakuambia wewe ni mwongo, kwa sababu baba yake hakohoi hata kidogo, yeye anamsikia kila siku. Ukaniuliza kama ni don Casimiro aliyekikata kikohozi, na ukamshukuru, ukasema ni vizuri mtoto amsikie baba akiwa mzima. Hapana, dada. Don Casimiro hajui lolote. Nilijaribu kukohoa. Nilisimamisha kanda nikajaribu tena na tena, nikijua kwamba bila kile kikohozi si yeye, na koo likagoma. Maneno niliweza kumwibia. Kile kilichomuua niliona haya kukichezea. Kwa hiyo nimempa binti yako baba ambaye hakuugua, naye anamtetea mbele yako, na wewe uliyemwogesha Delfín na kumshikilia akitema damu ndiye unayeitwa mwongo. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Aibu yangu ningeweza kuibeba miaka, lakini hiyo sikuweza.

Kuna kitu kidogo kimebaki. Kwenye kanda ile, kati ya hotuba mbili za don Hilarión, don Casimiro alisimamisha kurekodi ili watu wanywe maji, na alipowasha tena kanda ilikuwa imesogea kidogo. Hapo katikati, kwa muda wa pumzi moja, ile rekodi ya chini inasikika. Anakohoa. Kisha anasema, "Ngoja kidogo." Basi, bei ya bati inaendelea. Nimeisikiliza mpaka don Casimiro akaninyang'anya kanda, kwa hofu kwamba nitaimaliza na hiyo iliyobaki.

Sasa uamuzi ni wako, na nitafuata utakavyosema. Saa sita ya Siku ya Watakatifu sitaipiga ile ya uongo. Niliwahi kufikiri nitaipiga, sitakudanganya tena, nilikuwa nimeshaitayarishia nakala. Ukiniruhusu, jina la Delfín likisomwa nitaweka kile kikohozi na yale maneno mawili, mbele ya mji mzima, na kila mtu atajua kwa nini ni mafupi. Usiponiruhusu, jina litasomwa na tutanyamaza. Usipotaka kuja kabisa nitakuelewa, nauli yako ununulie mtoto viatu, na meza nitaiandaa mimi na Mama, ingawa najua si haki mimi kuikaribia. Kuhusu kanda aliyonayo Nayra, ukitaka ifutwe, ifute wewe kwa mkono wako. Usinirudishie nikufanyie kazi hiyo, mimi nimefuta vya kutosha.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kama utanisamehe, utanisamehe tukiwa tunatazamana, na kama ni kiatu, leta kile kizito.

Mama anakusalimu sana na anasema usisahau kujifunga kitambaa cha sufu kiunoni. Don Casimiro anakusalimu, doña Saturnina pia, anasema kuku bado wapo. Barua nampa don Fortunato anayekuja huko kwa basi, aivushe mpakani mwenyewe na kuikabidhi mkononi mwako.

Nayra msalimie kwa mdomo wako. Mwezi uliopita uliponiomba nizungumze naye kwenye simu nikasema mafua yamenikausha koo, sikuwa na mafua. Na kama mtakuja, nakusihi umweleze mkiwa bado ndani ya basi, kabla hamjafika kwetu na mimi sijafungua mlango, kwa sababu nikisema karibuni tu, atanirukia shingoni na kuniita baba.

Mdogo wako, anayekupenda na kukuonea haya,

Nicanor Huarachi